Darasa la Kamembe, Baba Akiwa Ng'ambo

Nilikwenda Rusizi kwa sababu ya ujauzito wa rafiki yangu. Mama Tusekile, ambaye nilisoma naye chuo cha ualimu tukilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, alinipigia simu akasema mimba yake ya tatu inamsumbua na daktari amemtaka arudi Mbeya akapumzike mpaka ajifungue. Mumewe, Mchungaji Ambakisye, alikuwa ametumwa na kanisa letu kufanya kazi ya umisionari Bukavu, upande wa Kongo. Kwa ajili ya usalama familia ilipanga nyumba Kamembe, upande wa Rwanda, naye akawa anavuka daraja kila Jumatatu na kurudi Ijumaa. Watoto wao wawili, Tusekile wa darasa la saba na Ipyana wa darasa la pili, mama yao alikuwa akiwafundisha nyumbani kwa mtaala wa Tanzania, ili siku wakirudi wasikute wenzao wamewaacha mbali.

"Atu," aliniambia, maana jina langu ni Atupele, "sina mwingine wa kumwachia. Njoo unishikie darasa."

Nikaomba ruhusa shuleni kwangu Tukuyu, nikafunga sanduku.

Kutoka Mbeya hadi Kahama sikuona jambo la kusimulia isipokuwa vumbi. Baada ya Kahama abiria walianza kupungua na malori kuongezeka. Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, nilishuka na kuvuka kwa miguu nikiyasikia maporomoko ya Kagera yakinguruma chini ya daraja, na nilipopanda basi la upande wa pili nikakuta dereva amekaa kushoto na gari linapita kulia. Kila tulipopishana na lori nilifumba macho. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinicheka kwa upole mpaka Kigali.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Rusizi. Baada ya Nyamagabe tuliingia msitu wa Nyungwe, na maongezi ndani ya basi yakafa. Barabara inajipinda humo kama utumbo. Miti imefunika pande zote, ukungu umelala juu yake, na kila baada ya kona kadhaa anasimama mwanajeshi peke yake na bunduki, akitazama msituni. Hakuna aliyetusimamisha. Hata hivyo nilijikuta nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili, na sikuuachia mpaka msitu ulipokwisha na mashamba ya chai yakafunguka mbele yetu, kijani kile kile cha kwetu Rungwe. Nikapumua. Nilidhani sehemu ya kutisha ya safari yangu imekwisha.

Kamembe niliipenda mara moja. Ni mji ulio juu ya mlima. Uwanja mdogo wa ndege uko upande mmoja, maduka yamebanana barabarani, na ukisimama mahali palipo wazi unaliona Ziwa Kivu, na ng'ambo yake Bukavu, nyumba juu ya nyumba, mabati yakimeta. Mama Tusekile alinipokea kituoni akiwa amevimba miguu. Watoto walinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," vizuri kabisa, kisha Ipyana akauliza, "Mwalimu, banasema kwenu Tukuyu mvua haikatikake, ni kweli?"

"Unasikia?" mama yake akaniambia. "Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza."

Baada ya wiki chache alisafiri. Alinikumbatia mlangoni akasema, "Nakukabidhi wanangu," akapanda gari bila kugeuka nyuma, kwa kuwa angegeuka asingeondoka.

Siku zetu zilikuwa hivi. Asubuhi tuliimba wimbo mmoja na kuomba, kisha meza ya chakula ikageuka dawati. Ubao wetu ulikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, imeegemezwa juu ya kochi. Nilimpa Tusekile Hisabati huku Ipyana akinakili sentensi, halafu nikawabadilisha. Vita vyangu na Ipyana vilikuwa vya Kiswahili. Marafiki zake wote wa mtaani walizungumza Kiswahili cha Kivu, naye aliandika "bitabu byangu" na "muntu mubaya" kwa mwandiko mzuri wa kupendeza. Sikumwambia ni makosa. Nilimwambia, "Hicho ni Kiswahili cha hapa, kitunze. Sasa niandikie cha mtihani."

Tusekile alikuwa mtoto wa namna nyingine. Alikuwa mrefu, mkimya, anayemaliza kazi kabla hujamaliza kuielezea, kisha anakutazama. Kila Ijumaa mchana alihamisha kiti chake ili atazame dirishani, mahali anapoweza kuliona geti. Baba yake akiingia alisimama, akampokea mkoba, akasema, "Shikamoo baba." Hakuwa na mengi zaidi. Lakini jioni hiyo alikula sahani mbili.

Jirani yetu alikuwa Maman Salima, fundi cherehani, Mwislamu aliyekulia Bukavu na kuolewa Kamembe. Alinishonea gauni la kwanza la kitenge nililowahi kulipenda, na kwa vile watoto waliniita Mwalimu, yeye akaniita Maman Mwalimu, ijapokuwa sina mtoto. Ndiye aliyeniletea habari za kwanza.

"Maman Mwalimu," alisema akiegemea ukuta wetu, "ngambo kule haiko muzuri. Bantu banasema vita inakuja. Banaanza kuvuka na matela ya kulalia."

Nilimuuliza mchungaji Ijumaa ile. Akasema maneno ni mengi kuliko risasi. Jumatatu akavuka tena.

Jumatano tulikuwa kwenye sehemu na desimali. Mlio mzito ulipita juu ya ziwa, kama mtu ameangusha mlango wa chuma mbali sana. Ipyana aliinua kichwa.

"Mwalimu, ni radi?"

Anga lilikuwa jeupe. Tusekile alinitazama kuona nitasema nini.

"Si radi," nilisema. "Ni bunduki kubwa, lakini iko mbali nasi. Endelea na namba nne."

Waliendelea. Mimi nilikuwa nimeshika chaki na sikuweza kuandika, kwa hiyo niliwapa mgongo nikajifanya nafuta ubao uliokuwa mtupu.

Alhamisi milio iliongezeka. Watu walipanda kutoka bondeni na vifurushi vichwani, kuku wamefungwa miguu, watoto wamevaa nguo mbili mbili. Jioni Mama Tusekile alipiga simu kutoka Mbeya.

"Simu ya Ambakisye haipatikani. Yuko wapi?"

"Mtandao wa huko unasumbua," nikamwambia.

"Atu, usinifanye mtoto wa chekechea. Niambie."

Nikamwambia niliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi. Nilimsikia akihema polepole, kama walivyomfundisha hospitali. Mwishowe alisema, "Namjua. Hatatoka mpaka wa mwisho atoke. Nishikie watoto." Akakata.

Ijumaa mchana Tusekile alihamisha kiti chake kama kawaida. Geti halikufunguka. Alasiri simu yangu ikalia, nikatoka nayo hadi jikoni. Alikuwa mchungaji, sauti yake ikija na kukatika, nikawasha spika ili nimsikie.

"Mwalimu, nina watu kanisani. Wagonjwa, wazee, mama aliyejifungua juzi. Siwezi kuwaacha. Kesho wapeleke watoto Kigali, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Gari nimeshalipanga."

"Mchungaji, daraja bado liko wazi," nilisema, na hasira ikanipanda bila kuniomba ruhusa. "Watu wanavuka! Na wewe una watoto hapa. Mke wako yuko Mbeya, mgonjwa. Hao wa kanisani wana wewe, hawa wana nani?"

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa.

"Wana wewe," alisema. "Usiwaambie watoto kitu. Waambie tu ni safari."

Simu ikafa. Nilipogeuka, Tusekile alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Alikiweka mezani taratibu bila sauti.

"Amewachagua wale," alisema, akaenda chumbani.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, ambapo Rwanda nzima hushika majembe na mafagio. Magari hayaendi, pikipiki haziendi, maduka yamefungwa mpaka kazi imalizike. Dereva alikuwa amesema atakuja itakapokwisha. Nilifunga mabegi. Ipyana alikuwa akimtafuta sungura wake wa kitambaa. Nilipokwenda kumwamsha Tusekile nikakuta kitanda kimetandikwa na viatu vyake vya shule havipo.

Nilimwita kuzunguka nyumba. Maman Salima alitoka na kitambaa cha kichwa hakijafungwa vizuri.

"Tusekile? Nimemuona asubui, anashuka na njia ya Mururu. Nikasema pengine weye njo umemutuma."

Njia ya Mururu inashuka hadi mpaka wa Rusizi ya Pili, kwenye daraja ambalo baba yake huvukia.

"Acha Ipyana kwangu," alisema Salima. "Kwenda! Kimbia!"

Hapakuwa na pikipiki ya kupanda. Niliteremka mlima ule kwa miguu, nusu nikikimbia, nikiwa na ndala. Kila penye mtaro palikuwa na watu wanazibua, na kila kundi lilisimama kunitazama, kwa kuwa mtu mzima hatembei matembezi wakati wa umuganda. Mzee mmoja mwenye jembe alinizuia na kuniuliza kwa Kinyarwanda, kisha alipoona sielewi akauliza kwa Kiswahili ninakwenda wapi.

"Mtoto wangu amepotea," nilisema, na neno *wangu* lilitoka lenyewe. "Msichana mrefu, amevaa sketi ya bluu."

Aliwapigia kelele wenzake wa chini, na wao wakawapigia wa chini zaidi. Jibu likarudi likipanda mlima kutoka mdomo hadi mdomo. "Amepita. Amefika chini," mzee akanitafsiria. Nikaendelea. Migomba ilinipita pande zote na milio ya ng'ambo ilikuwa karibu sasa, ikinigonga kifuani. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Mpakani palijaa watu. Walikuwa wakimiminika kutoka darajani, wengine wakilia, wengi wakiwa kimya kabisa, na maofisa wakijaribu kuwapanga. Nilipenya nikiomba samahani kushoto na kulia mpaka nilipoiona sketi ya bluu. Alikuwa kwenye kizuizi, mikono miwili juu ya chuma, na askari wa kike amemkingia njia. Umati wote ulikuwa ukija huku. Yeye peke yake ndiye aliyetaka kwenda kule.

"Huyu ni wako?" askari aliniuliza. "Tangu asubuhi namwambia arudi nyumbani, hataki."

"Ni wangu."

Nilitaka kumnasa kibao. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote, maana uso wake ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Tuse, twende."

"Sitaki kuvuka kukaa," alisema bila kunitazama. "Nataka nimwambie mwenyewe aje. Nyie mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Mimi hakuna anayeniuliza."

Ningeweza kumburuta. Askari angenisaidia, nadhani angefurahi. Lakini nilikuwa nimemfundisha mtoto huyu miezi kadhaa na nilijua kwamba nikimburuta leo, sitamfundisha kitu tena.

"Kuvuka huwezi," nilimwambia. "Lakini tunaweza kusubiri pamoja hapa. Gari la Kigali litangoja."

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro, juu ya majani, jua likitupiga. Kila mwanamume aliyevuka akiwa na koti jeusi alimfanya Tusekile anyooke, kisha ajikunje tena. Mchana ulipotimia, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na wengine wanne waliomshika kanga alisimama mbele yetu.

"Weye," alimwambia Tusekile, "hauko mutoto ya Pasta Ambakisye? Sura njo ile ile."

Tusekile aliruka akasimama. "Umemwona?"

"Nimemuacha leo asubui ku kanisa. Eko muzima. Kuko bagonjwa habawezi kutembea, eko anatafuta bantu ba kubabeba. Miye alinipeleka mpaka karibu ya daraja, akabeba huyu ku mabega." Alimnyooshea kidole mtoto wa pili. "Kisha akarudia."

"Alifika hapa? Karibu na daraja?"

"Karibu sana."

"Akarudi?"

"Akarudia, mwanangu."

"Alisema atakuja lini?"

Mwanamke yule, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Maman Furaha, angeweza kudanganya. "Ile hakusema," alijibu. "Nikikudanganya, Mungu ananiona."

Hapo ndipo Tusekile alipolia. Alilia kwa sauti, katikati ya barabara, kama mtoto mdogo, na Maman Furaha, ambaye hakujua angelala wapi, akamshika kichwa akakiegemeza kwenye kifua chake. Alipokwisha kulia alijifuta kwa mkono wa shati, akanigeukia.

"Mwalimu, hawa waje kwetu."

"Na Kigali?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

Alifikiri kweli kweli. "Kamembe haipigwi. Tubaki. Wakija wengine wa kanisa watatafuta nyumba ya mchungaji, wasikute imefungwa."

Nilimpigia mama yake pale pale, nikampa simu binti aeleze mwenyewe. Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Dereva nilimwomba radhi.

Jumatatu darasa langu la watoto wawili lilikuwa la watoto sita, na kabla ya wiki kwisha wakaja wengine, wa majirani wa Maman Furaha waliovuka nyuma yake, mpaka tukaliondoa kochi. Hawakuwa na kitabu kinachofanana. Wengine walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, mmoja hakuwa amesoma kabisa. Niliwagawa makundi mawili, na kundi la wadogo nikampa Tusekile. Sikupanga iwe dawa. Sikuwa na mikono ya kutosha, basi. Alisimama mbele ya ubao akasema, "Kimya," na wakanyamaza.

Milio ilikoma. Tulisikia kwamba Bukavu imeingia mikononi mwa wengine. Simu ya mchungaji ilikuwa imekufa moja kwa moja sasa. Jioni Maman Salima alikuja na sufuria ya maharage na hakuuliza kitu, na nilimshukuru kwa kutouliza kuliko kwa maharage. Nilikuwa nikilala nimevaa nguo za kutokea. Ipyana alianza kukojoa kitandani. Tusekile hakumtaja baba yake hata mara moja, na Ijumaa ilipofika hakuhamisha kiti. Hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Alikuja siku isiyo yake, asubuhi, katikati ya imla. Nilisikia geti, nikaona kivuli kimesimama mlangoni, mtu mwembamba mwenye ndevu na koti la mtu mwingine. Ipyana alipiga ukelele akamrukia shingoni. Watoto wote waligeuka. Tusekile alikuwa mbele, kitabu mkononi, akiwasomea wadogo. Alimtazama baba yake.

"Baba, tunasoma," alisema. "Subiri tumalize."

Mchungaji alinitazama. Nami nikatazama chini. Akatoka, akaketi kwenye ngazi ya nje huku Ipyana akiwa mapajani mwake, akasubiri. Tusekile alisoma sentensi zote zilizobaki, moja moja, akarudia kila moja mara ya pili kama nilivyomfundisha, akakusanya karatasi, akazinyoosha. Ndipo alipotoka. Sikuwafuata. Nilimsikia akisema, "Shikamoo baba," kisha nikawarudisha watoto kwenye madaftari yao.

Wagonjwa wote walikuwa wamefika salama isipokuwa mzee mmoja, ambaye walimzika huko.

Kanisa lilituita turudi nyumbani. Maman Furaha alibaki kwenye nyumba ile, watoto wake wakichukuliwa na shule ya jirani. Maman Salima alinifungia vitenge viwili na kunikataza kulia. "Ukilia, na miye nitalia, na niko na kazi," alisema, kisha akalia yeye.

Ndani ya basi, tukiwa tumeingia Nyungwe, mchungaji alikaa kiti cha mbele yangu pembeni mwa binti yake. Aligeuka, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nilikosea?"

"Aliyepaswa kuulizwa yuko hapo pembeni yako," nilisema.

Akamgeukia binti yake. Kisha akamuuliza.

Tusekile alikuwa akitazama miti. "Ungewaacha, wangekufa?"

"Wengine, ndiyo."

"Basi hukukosea." Akachora kitu kwenye kioo chenye ukungu, akakifuta. "Lakini ungeniambia mimi. Ulimwambia Mwalimu asituambie. Ungesema, 'Tusekile, siji, kuna wagonjwa.' Ningekasirika, lakini nisingeshuka mpakani."

Mchungaji alifunika uso kwa viganja. Binti yake alimwacha kidogo, kisha akaegemeza kichwa begani kwake, akasinzia.

Mbeya tulimkuta Mama Tusekile ameketi kitandani na mtoto wa kike. Niliwakabidhi wanawe, mkononi, mmoja mmoja. Nikarudi Tukuyu kwenye mvua na darasa langu la watoto sitini. Wenzangu huniuliza nilijifunza nini kule, na wanategemea habari za vita. Ninachowaambia ni kidogo. Nilikuwa nimezoea kuzungumza na wazazi huku mtoto amesimama katikati yetu, kama watu wanavyozungumza wakiwa na meza kati yao. Siku hizi mzazi akija na habari mlangoni kwangu, kifo, talaka, safari, namsikiliza, kisha namuuliza kama mtoto mwenyewe ameshaambiwa. Kama bado, namwita mtoto aje, namvutia kiti.